Medianuwai Si Wingi wa Vifaa

Medianuwai ni neno lililobeba wingi mara mbili. Media, kwa Kilatini, ni wingi wa medium, kitu kinachokaa katikati na kupitisha ujumbe. Anuwai nayo, huko Uarabuni ilikotoka, ni wingi: aina nyingi. Kwa Kiswahili tumeizoea kama kivumishi, ndiyo maana bayoanuwai ilipoingia katika vitabu vya mazingira haikumsumbua mtu, na medianuwai ikapita njia hiyohiyo. Wapo wanaoandika midia anuwai kwa maneno mawili. Wapo pia, hasa mafundi wa kompyuta, wanaosema maltimidia na kuendelea na kazi yao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiseme vyombo anuwai, tukaacha kukopa. Chombo kina kazi nyingi mno tayari. Ni jahazi, ni sahani, na kikipata mkia wa "vya habari" ni gazeti na redio. Mwalimu akitangaza kwamba leo atafundisha kwa vyombo anuwai, darasa litanawa mikono lisubiri wali.

Kwa hiyo umbo la neno sina ugomvi nalo. Shida yangu ni hesabu iliyojificha ndani yake. Anayesikia medianuwai huanza kuhesabu vifaa: projekta moja, spika mbili, video, chati ukutani. Katika andalio la somo kuna nafasi ya zana za kufundishia na kujifunzia, na orodha ikirefuka somo huonekana limeandaliwa vizuri. Hapo ndipo maana ya kitaalamu inapopotea.

Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001, analieleza kwa wepesi unaoshangaza: ni kujifunza kwa maneno na picha. Maneno yanaweza kuwa ya kusemwa au ya kuandikwa. Picha inaweza kuwa imetulia au inatembea. Basi. Kwa maana hiyo mwalimu anayechora moyo ubaoni kwa chaki huku akieleza damu inakoingia na inakotokea anafundisha kwa medianuwai kamili, hata kama shule haina umeme. Na mwalimu mwenye projekta anayewasomea wanafunzi aya ndefu kutoka ukutani ana kifaa ghali tu.

Mwaka 1983 mtafiti mwingine wa Marekani, Richard Clark, alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba chombo chenyewe hakiongezi elimu, kama vile lori linaloleta chakula mjini lisivyobadilisha lishe yake. Mtafiti mwenzake, Robert Kozma, alimpinga miaka ya tisini, akisema kila chombo kina mambo kinachoyaweza na chombo kingine hakiyawezi, na mbinu ya kufundisha haitenganishwi na chombo kirahisi hivyo. Naona Kozma ana hoja: redio haiwezi kuonyesha seli ikigawanyika, hata mtangazaji awe na ufasaha wa namna gani. Lakini katika mikutano ya kununua vifaa, laiti Clark angekuwa anasomwa kwanza.

Kuna istilahi ya pili inayochanganywa na hii, nayo inatudai uangalifu zaidi. Septemba 1994 wataalamu kumi wa lugha na elimu walikutana New London, mji mdogo wa New Hampshire, Marekani, na mwaka 1996 wakachapisha makala iliyobadilisha mjadala wa kusoma na kuandika. Mmoja wao, Gunther Kress, pamoja na mwenzake Theo van Leeuwen, aliendeleza wazo kwamba maana hutengenezwa kwa njia nyingi, na maandishi ni mojawapo tu. Picha, rangi, sauti, ishara ya mkono, hata nafasi kitu kinapowekwa kwenye ukurasa, kila kimoja ni modi. Kiswahili tunacho cha kupendekeza: hali, namna, njia. Hali imeshachukuliwa na wanasarufi. Namna na njia ni maneno mapana mno, hayawezi kushika mpaka. Mimi naona tukope modi, kama walivyofanya watu wa takwimu, kisha tujenge modianuwai sambamba na medianuwai. Chombo ni kile kinachobeba; modi ni ile inayosema. Kitabu kimoja, chombo kimoja, kinaweza kuwa na modi nne.

Anayetaka kuiona modianuwai aitazame kanga. Ina pindo pembeni, ina mji katikati, ina jina lililoandikwa. Rangi inasema lake na jina linasema lake, na bado ujumbe haujakamilika mpaka tujue imevaliwa na nani, lini, mbele ya nani. Jina lilelile linaloleta pongezi arusini ni kijembe likipitishwa mlangoni kwa jirani mliyekosana. Hakuna mwanamke wa pwani aliyehitaji semina kujua kwamba maandishi peke yake hayatoshi.

Sasa, kwa nini maneno na picha pamoja humsaidia anayejifunza? Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alifafanua mwaka 1971 kwamba akili huhifadhi mambo kwa mifumo miwili, wa maneno na wa taswira, na kilichowekwa kote kuwili hupatikana kwa urahisi zaidi. Lakini kila mfumo una kikomo. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo wakati tunayafikiria ni finyu sana, na John Sweller wa Australia alijenga juu ya jambo hilo, mwaka 1988, nadharia ya mzigo wa akili: somo lililopangwa vibaya hulemea sehemu hiyo kabla mwanafunzi hajafika kwenye somo lenyewe.

Majaribio ya Mayer na wenzake yanavutia kwa sababu walitumia mambo ya kawaida kabisa: pampu ya baiskeli na radi. Wanafunzi walioona pampu ikifanya kazi huku maelezo yakisikika wakati uleule walitatua maswali mapya vizuri kuliko walioonyeshwa kwanza kimoja, kisha kingine, ingawa wote walipata mambo yaleyale. Kwenye radi, walioona picha zinazotembea na kusikia maelezo waliwazidi walioona picha zilezile na kusoma maelezo hayo kwenye skrini. Sababu ni kwamba jicho haliwezi kusoma sentensi na kufuata wingu kwa wakati mmoja. Sikio lilikuwepo, halina kazi. Kisha watafiti wakaongeza vionjo: visa vya watu waliopigwa na radi, na picha zake. Wanafunzi walivifurahia, lakini uelewa wao wa jinsi radi inavyotokea ukapungua. Hili la mwisho linawauma walimu wengi, nami nawaelewa. Tumefundishwa kwamba somo likichangamka limefaulu.

Fungua kitabu cha biolojia cha sekondari. Mchoro wa jicho umezungukwa na namba, moja hadi kumi na mbili, na majina ya sehemu yamewekwa chini kwa orodha, pengine ukurasa wa nyuma. Mwanafunzi anashika namba saba kichwani, anageuza ukurasa, anatafuta, anarudi, amesahau ilikuwa mstari upi. Nguvu yote imeishia kwenye kutafuta. Jina lingeandikwa palepale kwenye retina, kazi hiyo isingekuwepo. Maneno na picha vipo vyote viwili kwenye kitabu hicho, kwa hiyo kwa kuhesabu ni medianuwai. Ila havijakutana.

Kukutana huko si ugunduzi wa jana. Mtoto wa pwani aliyesoma chuoni, yaani madrasa, kwa ubao na wino aliandika herufi, akaitamka, akaifuata kwa kidole, jicho na sauti na mkono vikiwa mahali pamoja. Mengine ya chuoni tunaweza kuyajadili siku nyingine, fimbo ikiwemo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya California havikututungia sisi. Mayer anaonya dhidi ya kusoma kwa sauti maandishi yaleyale yaliyo kwenye skrini, kwa kuwa mwanafunzi hupata kitu kimoja mara mbili na jicho linaondolewa kwenye picha. Yeye mwenyewe anakubali kwamba onyo hilo hulegea pale lugha inapokuwa ya kigeni kwa msikilizaji, au maandishi yakiwa maneno machache kando ya mchoro. Sasa mfikirie mtoto wa Tanzania aliyemaliza shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Kwake neno "photosynthesis" likisikika tu ni kelele. Akiliona limeandikwa kando ya jani, analishika. Mwalimu wa mtoto huyo aandike, na atamke, na achore, bila kuogopa mtafiti yeyote. Anachopaswa kuacha ni aya nzima.

Na kuna takwimu moja nawasihi walimu waizike. Kwenye semina nyingi huonyeshwa piramidi au umbo la pia linalosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, mpaka 90 ya tunachotenda, na chini yake jina la mwanaelimu Edgar Dale. Dale alichora pia yake mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Namba zilibandikwa baadaye na watu wengine, na kwamba zote huishia na sifuri kungetosha peke yake kutia shaka. Ndugu wa takwimu hiyo ni imani kwamba mwanafunzi fulani ni wa macho na mwingine ni wa masikio, hivyo kila mmoja afundishwe kwa mlango wake. Mtafiti Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi mwaka 2008, wakaona haujatosha kuhalalisha kugawa wanafunzi hivyo. Picha nzuri huwasaidia wengi, hasa wasiojua mengi kuhusu mada.

Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016. Tanzania, baada ya Sensa ya 2022, iligawa vishikwambi kwa walimu. Ni mali ya umma na ina faida yake. Lakini kishikwambi kilichojazwa kurasa za kitabu kilekile chenye namba kumi na mbili na orodha ukurasa wa nyuma kimehamisha tatizo kutoka karatasini kwenda kwenye kioo.

Wachapishaji na wakuza mitaala, hamhitaji kungoja bajeti mpya. Toleo lijalo la kitabu, futeni namba, mwandike majina ndani ya mchoro.