Maji Yasiyobadilishwa

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Urusi, nyumba isiyo na moto haikaliki wakati wa theluji. Zamani kila chumba kilikuwa na meko yake, na sehemu kubwa ya joto ikapotelea katika dohani. Ndipo watu walipofikiri: kwa nini moto usiwashwe mahali pamoja, nalo joto lichukuliwe na maji hata vyumbani?

Mwaka 1716 Mårten Triewald, Mswidi aliyekaa Newcastle, Uingereza, alipasha joto nyumba ya mimea kwa njia hiyo. Mwaka 1777 Mfaransa Bonnemain aliitumia kuangulia vifaranga. Na kwa kuwa mayai hayavumilii joto la kupanda na kushuka, alibuni ufito wa madini uliorefuka kwa joto na kuuziba mlango wa hewa iendayo motoni. Basi vifaranga waliipata raha hiyo kabla ya wanadamu walio wengi! Miaka ya 1850, huko Saint Petersburg, Franz San Galli aliunda rejeta ya chuma cha kusubu, jamaa ya ile ya motokaa, na maji ya moto yakazidi kuingia majumbani.

Maji yapatayo moto huwa mepesi, hupanda. Yakipoa huwa mazito, hushuka kurudi penye tanuri. Kwa hiyo mafundi wa kale hawakuhitaji pampu. Lakini utunzaji ni jambo jingine, na hapo ndipo mwenye nyumba asiyejua anapokosea. Ayaonapo maji yaliyomo yamekuwa meusi, huyamwaga kila mwaka ili atie safi. Kumbe anajitia hasarani. Maji mapya huja na hewa, na hewa hukilisha chuma kutu. Tena mara nyingi huja na chokaa, ambayo hugandamana penye moto kama tuionavyo ndani ya birika la chai. Maji ya zamani yamekwisha kupoteza vyote viwili. Tope la kutu likizidi, hapana budi liondolewe, lakini si desturi ya kila mwaka. Yakipungua, hutafutwa kwanza mahali yanapovuja. Na rejeta ikiwa moto chini na baridi juu, hewa imejikusanya humo: hufunguliwa kidogo kwa ufunguo wake mpaka hewa iishe kufoka na maji yachungulie.

Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963, Uingereza ilipatwa na baridi ambayo mfano wake haukuonekana tangu 1740. Maji yagandapo huongezeka kama sehemu 9 katika 100, na bomba hupasuka. Aliyesafiri akaacha tanuri limezimika na mabomba yamejaa, hasara yake ilijificha mpaka barafu ilipoyeyuka mwezi wa Machi, maji yakamiminika kutoka darini. Huyo ndiye aliyepaswa kuyamwaga maji yake kabla ya kufunga mlango.