Semina, posho na kitalu cha miche

Ukimwambia mtu mzima wa Kibongo kwamba kesho unakwenda semina, swali lake la kwanza halitakuwa mnajadili nini. Atauliza: mnalipwa shilingi ngapi? Simlaumu hata kidogo. Neno hili limezeeka hivyo mikononi mwetu. Semina ni ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, kalamu ya bure, mtoa mada anayeongea mpaka saa ya chai, na karatasi ya kusaini posho jioni.

Mwaka 2006 Rais Kikwete aliwakusanya mawaziri na watendaji wakuu wa serikali yake mpya kule Ngurdoto, chini ya Mlima Meru. Ile iliitwa semina elekezi, na tangu hapo msemo huo ukahamia mitaani. Hebu lisikilize neno lenyewe: elekezi. Yuko mmoja anayeelekeza, waliobaki wanaelekezwa. Ndiyo maana kijana wa mwaka wa kwanza wa Utawala wa Biashara akiona kwenye ratiba "Semina, saa nane hadi saa tisa", anakwenda na daftari lake akisubiri kuelekezwa.

Leo naomba tufuatilie neno hili lilikotoka. Na safari yetu itaanzia mahali ambapo wengi hawatarajii: Olmotonyi.

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukafika Ngaramtoni, hauko mbali na Olmotonyi. Hapo kipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937, enzi za Mwingereza. Huko huko Chuo Kikuu cha Sokoine kina msitu wake wa mafunzo, ambako wanafunzi wa shahada ya misitu hutoka Morogoro kuja kushika panga, kamba ya kupimia na daftari. Kwa wasomi wa biashara wa Njiro na Usa River, Olmotonyi ni mahali pa miti tu na baridi. Hapana cha kujifunza pale.

Lakini nenda ukaangalie kitalu cha miche. Mbegu haitupwi shambani moja kwa moja. Inaoteshwa kwenye tuta dogo, mche unahamishiwa kwenye kiriba, unawekewa kivuli, unamwagiliwa. Mtunza kitalu anaupitia mmoja mmoja: huu umenyauka, huu umepinda, huu tayari. Ukifikia kimo chake unapunguziwa kivuli na maji taratibu ili uzoee shida, ndipo unapelekwa mlimani kujitegemea.

Sasa kamata hili: kwa Kilatini kitalu cha miche kinaitwa seminarium. Semina ni kitalu, ndugu zangu. Ni neno la wapanda miti kabla halijawa la wasomi.

Wa kwanza kulikopa kwa kishindo walikuwa Wakatoliki. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza majimbo yawe na vitalu vya kulea mapadri. Hapo ndipo tulipopata "seminari", neno lililoenea kwetu kabla ya watu kuzungumzia posho. Hata Arusha, Wabaptisti walipofungua chuo chao cha theolojia mwaka 1962 walikiita seminari, na ndicho kilichokuja kuzaa Chuo Kikuu cha Mount Meru.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1738, katika chuo kikuu cha Göttingen, mwalimu Johann Matthias Gesner alianzisha semina ya lugha za kale ili kuandaa walimu. Karne iliyofuata, mwanahistoria Leopold von Ranke kule Berlin akawa anakaa na kikundi kidogo cha wanafunzi, mbele yao nyaraka za zamani. Hakuwahutubia tu. Kila mmoja alipewa kipande chake akichunguze, alete hoja, na wenzake waichane hoja hiyo. Mhadhara ulikuwa wa kusikiliza. Semina ilikuwa ya kubishana ukiwa na ushahidi mkononi.

Mmarekani mmoja, Edwin Gay, alikwenda Ulaya kusoma akakaa zaidi ya miaka 10. Udaktari wake aliuchukua Berlin mwaka 1902, chini ya mwanauchumi Gustav Schmoller. Mwaka 1908 Harvard walipofungua shule ya biashara wakamfanya mkuu wake wa kwanza. Gay alitaka wafundishe biashara kwa matatizo halisi ya biashara. Aliyemfuata mwaka 1919, Wallace Donham, alikuwa mwanasheria aliyezoea kusoma kesi za mahakama, naye akaufanya utaratibu huo kuwa sheria ya nyumba: mwanafunzi anapewa mkasa wa kampuni ya kweli, anaulizwa, ungekuwa wewe ungefanyaje? Huko ndiko zilikotoka zile "kesi" ambazo leo wanafunzi wetu wanatolewa fotokopi.

Haya, tuje nyumbani.

Sisi elimu ya biashara hatukuianza kwa ubishi. Tuliianza kwa haraka. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likatangazwa, mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa, na ghafla nchi ikajikuta na mashirika mengi na mameneja wachache. Mwaka 1972 zikaja IFM kwa mambo ya fedha na IDM Mzumbe kwa mambo ya uongozi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, ambacho tangu 2008 ndicho Shule Kuu ya Biashara. Kazi kubwa ilikuwa moja: jaza nafasi. Shirika la umma lilihitaji mhasibu anayejua taratibu. Mtu wa kuuliza kwa nini kiwanda kinazalisha kitu hiki na si kile hakuhitajika sana, maana swali hilo lilikuwa na wenyewe.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililozisaidia semina za miaka ile, na sidhani kama waliolipanga walilifikiria. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana akimaliza kidato cha sita apitie JKT na kazini kwanza, ndipo aende chuo kikuu. Lilikuwa na machungu yake na baadaye likalegezwa. Lakini lilifanya kwenye kiti cha semina akae mtu aliyewahi kushika leja ya stoo, aliyeona lori likiondoka na mzigo usioandikwa. Ukimfundisha huyo udhibiti wa mali ghalani, atakuuliza maswali ambayo hayamo kitabuni.

Arusha yenyewe ilikuwa na kitalu cha wakubwa. Katikati ya miaka ya 1970 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa, ilianzisha chuo cha menejimenti kwa ajili ya maofisa wa mashirika yake: reli, bandari, posta na simu, ndege. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabeba mabehewa yake, lakini chuo kikabaki. Kikazaliwa upya kwa jina la ESAMI, kikiwahudumia mameneja wa nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, na mpaka leo kiko Njiro. Pale watu wenye vyeo walikaa wakajadili mambo ya ofisi zao. Nafasi ya kubishana, kwa maneno mengine, ilikuwepo. Ila ilikuwa ya aliyekwisha kuwa bosi.

Kijana wa shahada ya kwanza alipata nafasi baadaye, soko huria lilipoingia. Chuo cha Uhasibu Arusha kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Vyuo vikuu vya makanisa vikafuata. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, boom likapatikana kwa wengi, na mtoto wa mkulima wa Mbulu au Singida akaweza kusoma biashara chini ya Mlima Meru. Hili ni jambo jema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini miche iliongezeka, tuta likabaki lile lile, na mtunza kitalu akabaki yule yule mmoja.

Niliwahi kukaa nyuma ya semina ya mwaka wa pili katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Walikuwa zaidi ya 60. Kundi namba nne likasimama mbele, watu 10 wamevaa suti. Wawili walisoma karatasi, wanane walisindikiza. Mkasa wao ulihusu kampuni ya kuuza kahawa ya Marekani, yenye maduka yake makubwa. Wakasoma nguvu zake, udhaifu wake, fursa zake. "Kuna swali?" Kimya. Makofi. Kundi namba tano. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula, semina ikiwemo, hubeba alama 40 kati ya 100, na kila mtu mle ndani alitaka alama zake aondoke. Zamani desa lilikuwa karatasi ya kurithi kwa kaka wa mwaka wa tatu. Siku hizi liko kwenye simu, unaliuliza nalo linakuandikia.

Kilichoniuma si desa. Kilichoniuma ni ile kahawa. Vijana wale walikuwa chini ya mlima ambao Wameru wamelima kahawa kwa vizazi, na hakuna aliyeuliza mkulima wa Meru anapata shilingi ngapi katika kile kikombe.

Sasa turudi Olmotonyi, maana kuna deni sijalilipa.

Wajerumani walioleta semina duniani ndio pia waliounda elimu ya misitu ya kisasa. Na mwaka 1849 ofisa misitu wao mmoja, Martin Faustmann, alijiuliza swali la kibiashara kabisa: ardhi iliyopandwa miti ina thamani gani leo, wakati mavuno yatakuja miaka mingi baadaye? Akatoa kanuni ya hesabu. Mwaka 1976 Paul Samuelson, aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliandika kwamba msitu huyo alikuwa amepatia pale ambapo wachumi wengi wenye majina makubwa walikosea. Ile hesabu ya thamani ya sasa inayowapa disko wanafunzi wa fedha kila mwaka ina baba aliyekuwa akipima magogo.

Tufanye mfano, namba ni za kufikirika. Una shamba la misindano, wengine huiita paini. Ukivuna mwaka wa 25 unapata shilingi milioni 12. Ukisubiri mpaka mwaka wa 30, miti imenenepa, unapata milioni 15. Uvune lini? Wengi watasema subiri, 15 ni nyingi kuliko 12. Lakini benki ikikulipa asilimia 10 kwa mwaka, zile milioni 12 zikikaa miaka mitano zinakuwa zaidi ya milioni 19. Na bado, aliyevuna mapema ardhi yake iko wazi, amekwisha kupanda tena. Hicho cha mwisho ndicho Faustmann alichokiona.

Lakini ngoja. Je, mkulima wa Ngaramtoni ana benki inayompa asilimia 10? Je, moto ukipita mwaka wa 27? Je, ada ya mtoto inadaiwa mwaka wa 18, afanyeje? Na chemchemi inayotoka chini ya miti hiyo na kunywesha mji, nani anaiweka kwenye hesabu? Unaona? Tayari tuna semina. Watu 12, mfano mmoja, na hakuna wa kusoma karatasi kwa sababu jibu halimo kwenye karatasi.

Arusha imejaa mikasa ya namna hii. General Tyre kilianza kutengeneza matairi mwaka 1971, serikali ikiwa na asilimia 74 na mbia wa nje 26, kikaacha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Nani aliamua nini, lini, kwa hesabu gani? Soko la Ngaramtoni siku ya gulio, mama muuza maharage anakopeshwa na nani na kwa masharti gani? Hizo ndizo nyaraka za Ranke tulizonazo sisi, na hazihitaji kununuliwa Boston.

Najua nitaambiwa wahadhiri wachache, madarasa madogo, fedha hakuna. Ni kweli yote. Lakini kuwagawa vijana 60 katika matuta matano, kila tuta na mkasa wake wa Arusha, hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mwalimu akubali kuulizwa swali ambalo hana jibu lake, na mwanafunzi akubali kusema mbele ya wenzake "mimi ningevuna mwaka wa 25, na sababu zangu ni hizi", kisha achanwe.

Hao vijana ndio tutakaowakabidhi vyama vya ushirika, viwanda na halmashauri. Mche uliotoka kitalu bila kuguswa na mtu, ukiupeleka mlimani, jua la kwanza tu linaumaliza. Waulizeni watu wa Olmotonyi, wanalijua hilo tangu 1937.

Wewe uliyesoma biashara, semina gani unaikumbuka mpaka leo, na ilikuwa inahusu nini? Nauliza tu.