Taya, Usingizi na Historia ya Kung'oa Meno Kayole

Anayechunguza historia ya afya ya kinywa katika mtaa wa Kayole, mashariki mwa jiji la Nairobi, atakuta kwamba kwa wakazi wengi dawa ya jino bovu ilikuwa moja tu, nayo ni kuling'oa, na kwamba mazoea hayo yalitiwa nguvu na mambo mawili: mila walizokuja nazo watu kutoka mashambani, na uhaba wa huduma walioukuta mjini. Mtaa wenyewe ni mchanga. Mtaa jirani wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa utaratibu wa kumpa mwananchi kiwanja kilichofikishiwa maji na mfereji wa majitaka ili ajijengee mwenyewe. Kayole ulifuata mkondo huohuo katika miaka ya 1980, na Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na wengineo wakawa majirani.

Miongoni mwa Waluo wa vizazi vilivyotangulia, kijana aliyekaribia utu uzima aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, ilhali Wamaasai na Waturkana waliridhika na mawili. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli ya taya hata mgonjwa asiweze kufumbua kinywa, kwa hiyo pengo lile lilikuwa njia ya kumnywesha uji na dawa. Hoja hiyo isidharauliwe, kwani zama hizo zilikuwa kabla ya chanjo. Wamisionari waliipinga mila hii, shule zikaidhoofisha, na Kayole ulipokuwa ukijengwa ilikuwa imebaki zaidi vinywani mwa wazee.

Tiba ya kisasa nayo haikuwa na mengi ya kumpa maskini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, hivyo wakati viwanja vya Kayole vikigawanywa, madaktari waliosomea nchini walikuwa bado wachache. Na kwa kuwa kuziba jino au kutibu mzizi wake kuligharimu kuliko kuling'oa, kibarua wa Eneo la Viwanda alisubiri maumivu yamzidi, kisha akaomba litolewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ufizi wa karibu watu wazima wote waliopimwa nchini Kenya ulitoka damu, na theluthi moja hivi walikuwa na meno yaliyooza.

Hapa ndipo usingizi unapoingia katika habari hii. Kukatika kwa pumzi usingizini ni hali ambayo misuli ya koo hulegea mtu alalapo, njia ya hewa ikabanwa au ikazibwa kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha, mpaka ubongo umgutushe apumue. Watafiti wa Ulaya waliieleza mwaka 1965, na mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney wakachapisha habari za mashine inayopuliza hewa puani ili koo lisijifunge. Wengi wa wenye tatizo hili hulala wakipumulia mdomo, mate yakakauka. Na kwa kuwa mate ndiyo yanayosafisha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi ya bakteria, meno huwa rahisi kuoza. Tafiti kadhaa zimekuta ugonjwa wa ufizi mara nyingi zaidi kwa watu hawa, ingawa unene, kisukari na sigara huchangia maradhi yote mawili, na si rahisi kusema lipi lilitangulia.

Uhusiano wa meno na koo ni wa kimaumbile zaidi. Meno ya juu na ya chini yanapokutana huliweka taya mahali pake. Asiye na jino hata moja, taya lake hubadili mkao, ulimi ukakosa egemeo, na nafasi ya koo ikapungua. Pengo la mbele peke yake halifikishi mtu huko maadamu magego yapo, na si haki kuwabebesha wazee wa Kiluo lawama ya kukoroma; la kuogopwa ni magego kutolewa moja baada ya jingine. Isitoshe, kifaa cha kusogeza taya mbele wakati wa kulala, ambacho hutumiwa na wasioiweza mashine, hushikizwa kwenye meno, hivyo kibogoyo hukosa hata tiba hiyo.

Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa China katika utawala wa Mwai Kibaki, imewapunguzia wakazi wa Kayole safari ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari wa meno anayemkuta mtu mzima mwenye ufizi unaotoka damu na kinywa kinachoamka kikavu amwulize, au heri amwulize mwenzake wa chumbani, kama hukoroma na kukatika pumzi. Na kabla ya kushika koleo ahesabu magego yatakayobaki.