Ghala na Ofisi Yake: Historia Fupi ya Jengo la Biashara Mkoani Mara

Mtu akiona mjini Musoma tangazo la kuuza ghala pamoja na ofisi yake katika eneo la viwanda, aghalabu hufikiri juu ya kuta, bati na bei tu. Mwanafunzi wa historia yampasa kuuliza swali jingine: ni kitu gani hasa kinachouzwa?

Tuanze na maneno. Zamani Wazanaki, Wajita, Waikizu na jirani zao waliweka nafaka katika vihenge. Kihenge kilikuwa mali ya jamaa, nacho hakikuhitaji daftari. Neno ghala lina asili ya Kiarabu. Bohari lilitoka kwa wafanya biashara wa Kigujarati. Ofisi tulilipata kwa Waingereza. Kwa hiyo majina yenyewe hutuonyesha namna wageni walivyofuatana.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Mwanza mwaka 1928. Musoma haikupata reli, bali ilitegemea meli za ziwani. Pamba ya Bunda na ya vijiji vya kando ya ziwa ilihitaji mahali pa kungojea usafiri. Tena pamba ikinyeshewa hupungua thamani, na mkulima hana paa la kuihifadhi yote. Hivyo mwenye ghala alikuwa na nguvu. Lakini mwenye nguvu zaidi alikuwa yule aliyeketi ofisini penye mizani na kalamu. Mkulima aliuona mzigo wake ukipimwa, ila hakujua kilichoandikwa.

Ndiyo sababu chama cha ushirika katika Jimbo la Ziwa hakikuanza kwa kugombea majengo, bali mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na akina Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kisha makato madogo madogo ya fedha za pamba yakageuka matofali, saruji na mabati. Ghala la chama, basi, lilikuwa jasho la watu wengi ambao majina yao yamo katika madaftari tu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilitwaa makampuni makubwa ya biashara ya nje. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao wakapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikiri hadharani kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Lakini vilirudi vikiwa dhaifu. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, vyama vingi nchini vililemewa na madeni, na majengo yakauzwa ili kuyalipa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mnunuzi hupata jengo na haki ya kutumia kiwanja kwa muda uliosalia katika hati, basi. Ardhi haiuzwi, na jasho la waliojenga halimo katika hati.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa, hata hivyo, hatari ni kinyume chake: mali yabaki, daftari lapotea. Mwenye jengo jipya hana haja ya stakabadhi za zamani, naye hufagia ofisi ili aingize meza zake. Kama yako makabati ya karatasi katika ghala lo lote la zamani huko Bunda au Musoma, yafaa wanafunzi wetu wafike kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Bei ya jengo itajulikana siku zote. Majina ya waliolilipia hayana mahali pengine yalipoandikwa.