Mkoba wa Mzazi: Nguo za Watoto Wachanga katika Parokia za Uingereza

Tangu mwishoni mwa karne ya 18 na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, wanawake wengi maskini wa Uingereza waliwavika watoto wao wachanga nguo za kuazima. Nguo hizo zilishonwa na vikundi vya wanawake wa parokia, yaani eneo la kanisa moja lenye kasisi wake, zikafungwa katika mkoba au sanduku na kukabidhiwa mzazi kwa takriban mwezi mmoja, kisha zikarudishwa zikiwa zimefuliwa ili zimfae mwingine. Hisani hiyo ilikuwa mkopo, na masharti ya mkopo huo yanaieleza jamii iliyoubuni vizuri zaidi kuliko ustadi wa mishono yake.

Kazi yenyewe ilikuwa na vitabu vyake. Mwaka 1789 kilitolewa kitabu cha maelekezo ya kukata nguo za maskini, kilichokusudiwa wanawake wafadhili wa shule za Jumapili, ambamo nguo za uzazi zilipewa vipimo na hesabu ya kitambaa kilichohitajika, kwa kuwa kikundi kilichonunua jora zima kwa michango ya senti hakikuweza kuvumilia vipande vya kutupwa. Kitabu kingine kilichofuata mwaka 1838, The Workwoman's Guide, ambacho mwandishi wake alificha jina na kujiita tu bibi, kiliendeleza elimu hiyo kwa undani zaidi. Mkoba wa kawaida ulikuwa na vishati vidogo vilivyo wazi mbele, kofia, nepi za mraba, magauni marefu yaliyopita miguu ya mtoto, kitambaa cha flaneli cha kumfunikia, na mkanda wa kitovu, ambao ni utepe mpana uliozungushwa tumboni mara kadhaa kwa imani kwamba ungekinga kitovu kisichopona na kuupa mwili nguvu. Mama naye aliwekewa shimizi na shuka, na mara nyingi sabuni, chai au sukari, pamoja na kitabu cha sala, ambacho pengine ndicho kilichorudi kikiwa kimeguswa kidogo kuliko vyote. Kwa kuwa cherehani za majumbani zilienea tu baada ya mtengenezaji Singer kupata hataza yake mwaka 1851, kila pindo lilishonwa kwa mkono, na kwa kuwa nguo moja ingefuliwa kwa ajili ya watoto wengi, uimara wa mshono ulitangulizwa mbele ya urembo.

Vikundi vingi vilijiita kwa jina la Dorkasi, mwanafunzi wa Yafa anayetajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 9, ambaye wajane walimlilia huku wakionyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kimoja kilianzishwa Douglas, katika Kisiwa cha Man, mwaka 1834, kama shukrani ya mji kuepushwa na kipindupindu. Kufikia wakati huo vyama vya namna hii vilikuwa vimezoeleka kiasi cha kudhihakiwa: Charles Dickens, katika Sketches by Boz ya mwaka 1836, alipoorodhesha vyama vya mabibi wa parokia moja, kuanzia cha supu hadi cha makaa ya mawe, hakukisahau kile cha kuazimisha nguo za uzazi kwa mwezi.

Dhihaka hiyo iligusa majivuno ya mabibi, lakini haikugusa jambo lililo zito zaidi. Kwa kawaida mkoba ulitolewa kwa mwanamke aliyeolewa, mwenye sifa njema, aliyependekezwa na mchangiaji, na hivyo aliyebaki nje alikuwa yule aliyeuhitaji kuliko wote, kwani Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikuwa tayari imemtwisha mama asiye na mume mzigo wa kumlea mtoto wake. Nepi iliyorudi na doa ilikuwa ushahidi wa uzembe, na aliyeipokea kwa ukaguzi alikuwa jirani.

Sindano hizo hizo zilifanya pia biashara ya dini. Charlotte Brontë, katika riwaya ya Shirley ya mwaka 1849, anaeleza kwa kejeli kikapu kilichozungushwa nyumba kwa nyumba kikiwa na vifuko, vishikio vya pini na nguo za watoto, vyote vikiuzwa kwa bei ya kuumiza ili kuchangia uenezaji wa Injili ughaibuni. Waliolalamika zaidi kuhusu kushona huko kwa hisani, na kwa haki, walikuwa washonaji waliolipwa kwa kipande, ambao umaskini wao mwandishi wa habari Henry Mayhew aliuandika magazetini mwaka 1849, kwa maana nguo inayoshonwa bure humshusha bei anayeshona ili ale. Ugomvi huo ulifika kileleni mwaka 1914, wakati Malkia Mary alipowaomba wanawake washone kwa ajili ya vita, na Mary Macarthur, kiongozi wa wafanyakazi wanawake, akashikilia kwamba kazi hiyo ilipwe ujira. Hoja yake ilizaa kamati ya ajira za wanawake.

Wakati huo mkoba wa kuazima ulikuwa umeanza kutoweka Uingereza, ingawa desturi ya kushona kwa pamoja ilisafiri na vyama vya kanisa, ukiwemo Umoja wa Akina Mama ulioanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876, ambao una wanachama katika dayosisi za Kianglikana za Kenya, Tanzania na Uganda. Kuazima kwenyewe kulionekana tena Finland, ambako shirika la ustawi wa watoto lilizungusha vikapu vya nguo kwa wazazi, hadi sheria ya mwaka 1937 ilipoanzisha kifurushi cha serikali kwa akina mama maskini, ambacho hakikurudishwa. Mwanzoni kilikuwa na vitambaa, kwa kuwa akina mama walizoea kushona wenyewe nguo za watoto. Mwaka 1949 kilifunguliwa kwa akina mama wote, wawe na mali au wasiwe nayo. Hata hivyo sharti halikukosekana, kwani kila mmoja alitakiwa awe amekwenda kwa daktari au kliniki kabla ya kumalizika mwezi wa nne wa ujauzito.