Ngoma Ndani ya Mashine

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, miaka ya 1990, ulivuma muziki wa mchiriku. Vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunga na vipaza sauti vya honi. Lakini ngoma hawakuziacha, mikono ya watu iliendelea kuzipiga kando ya kinanda. Wapo waliouita muziki huo uhuni. Sisi twaona walikosea. Baadaye huko Manzese na Tandale ukazuka muziki wa singeli, na safari hii ngoma zenyewe ziliingizwa ndani ya kompyuta. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Mburahati, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukasikika hata Ulaya.

Je, kijana wa Ikinga, katika milima ya Ileje, atajifunzaje kazi hii, naye atatia nini humo mashineni?

Mashine haina siri kubwa. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808, yenye vitufe 16 katika safu moja. Safu hiyo imerithiwa na programu za kompyuta, mathalani FL Studio ya Ubelgiji, iliyotoka kwanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mwanafunzi hujaza chumba anachotaka ngoma ilie, huacha kingine kitupu: mstari mmoja wa ngoma kubwa, mwingine wa ndogo, mwingine wa manyanga. Mashine huizungusha safu bila kuchoka. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, hivyo pigo moja halikai hata theluthi ya sekunde.

Lakini 16 haigawanyiki kwa tatu. Nazo ngoma nyingi za Afrika Mashariki husimama juu ya mvutano wa tatu na mbili: mkono mmoja hupiga mara tatu katika muda uleule ambao mwingine hupiga mara mbili. Kuupata mvutano huo, safu yafaa iwe ya vyumba 12. Ngoma kubwa ilie katika 1, 4, 7 na 10. Ndogo ilie katika 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Zitakutana katika 1 na 7 tu. Mwalimu aweza kulijaribu hili darasani kwa viganja, bila umeme. Mashine hailikatazi, ila haitamwambia mwanafunzi kwamba lipo.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeanza kwa mifano iliyomo ndani ya programu atapokea mapigo ya Chicago na London, mazuri kwa kweli, asijue kwamba mzee jirani yake hupiga kitu kisichoenea katika safu ile. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Tunduma ni mlango wa Zambia. Nyimbo za kila namna hupita hapo. Wazee wapigaji, kwa upande wao, hupungua.

Kwa hiyo kijana na aanzie kwa mzee. Simu ya mkononi yatosha kurekodi: kwanza ngoma kubwa peke yake, kisha ndogo, kisha zote pamoja. Aangalie pia pigo lipi ni zito na lipi huchelewa kidogo kwa makusudi, maana mashine hupiga yote sawasawa mpaka iamriwe vingine. Na anapohesabu, ahesabu kwa miguu ya wachezaji.