PHP 4 Ilikufa Lini?

Jibu linategemea unayemuuliza.

PHP 4 ilitolewa Mei 2000. PHP 5 ikafuata Julai 2004, na tofauti haikuwa ndogo. Katika PHP 4, ukiipa fanksheni objekti, ilipokea nakala tu. Ukiibadilisha humo ndani, ile ya awali inabaki vilevile. PHP 5 ilirekebisha hilo, ikaleta pia try na catch za kudaka makosa.

Hata hivyo, miaka mitatu baadaye wengi walikuwa hawajahama. Kwa nini? Kampuni za kuhifadhi tovuti huweka wateja wengi kwenye seva moja. Zikibadilisha toleo, kuna tovuti zitakazoharibika na simu za malalamiko zitaanza kulia. Basi zikasema: programu maarufu bado zinakubali PHP 4, haraka ya nini? Watengenezaji wa programu huria nao wakasema: watumiaji wetu wako kwenye seva za PHP 4, tukiiacha tutawapoteza. Kila mmoja akamngoja mwenzake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2007 miradi kadhaa, Drupal na phpMyAdmin ikiwemo, iliungana katika kampeni ya GoPHP5. Ahadi ilikuwa moja: matoleo mapya baada ya tarehe 5 Februari 2008 yangehitaji PHP 5.2. Julai 2007 waundaji wa PHP wenyewe wakatangaza kuwa PHP 4 ingekoma mwisho wa mwaka, na marekebisho ya usalama tarehe 8 Agosti 2008.

WordPress haikujiunga. Iliendelea kuikubali PHP 4 hadi toleo 3.2, Julai 2011, lililodai PHP 5.2.4. Ilitoa notisi ya karibu mwaka mzima, baada ya kuhesabu na kuona kwamba kama asilimia 11 tu ya tovuti zake zilikuwa chini ya PHP 5.2. Lakini angalia: PHP 5.2 yenyewe ilikuwa imeachwa na waundaji wake Januari 2011! WordPress ikakaa hapo hadi Mei 2019, ilipohamia PHP 5.6, ambayo nayo ilikuwa imekoma Desemba 2018.

Je, WordPress ilikosea? Si kwa yote. Mwenye duka la maua hajui PHP ni nini. Anajua tu kwamba tovuti yake imezimika. Lakini kumwacha kwenye lugha isiyozibwa mianya ni kumwachia mlango wazi, na yeye hajui kama upo.

Kwa maoni yangu, tarehe ya kuacha toleo la zamani ni ile ambayo marekebisho yake ya usalama yanakoma. Itangaze mwaka mmoja kabla, hesabu watakaoachwa, na uwaonyeshe njia ya kuhama. Ukingoja hadi abaki sifuri, utangoja sana.